Msiulize alivaa nini, ulizeni nani alikuwa mlangoni

Mhariri,

Kila inaposambaa video ya binti aliyezongwa na wapiga debe, wasomaji wako hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema mabinti wavae nguo za heshima, kero itakwisha yenyewe. La pili husema nguo hazina kosa, tatizo ni fikra za wanaume. Tunaandika sisi ambao kazi yetu ni kuwafundisha makondakta, viongozi wa masoko na wenyeviti wa mitaa jinsi ya kupokea na kushughulikia malalamiko ya wanawake wanaobughudhiwa njiani. Kwa maoni yetu kundi la kwanza limekosea kabisa. La pili limekaribia, lakini likiishia kwenye neno "fikra" halimsaidii mwanamke anayesubiri gari Mbagala Rangi Tatu saa 1 usiku. Mwanamume anambughudhi mwanamke hadharani kwa sababu watu waliomzunguka wamemruhusu. Ruhusa hiyo ina wenyewe, wanajulikana, na wakitaka wanaiondoa.

Tuanze na nguo, maana hoja hiyo ina mizizi mirefu.

Watazameni wanafunzi wa sekondari. Sketi inapita magoti, juu kuna shati na sweta, na binti wa Kiislamu ana hijabu inayofika kifuani. Ingekuwa nguo ndiyo chanzo, hawa wangekuwa wa mwisho kuguswa. Lakini mwulizeni mwalimu yeyote wa malezi katika shule ya kutwa ya Dar es Salaam habari za vituoni, mketi kabisa, maana hatamaliza haraka. Sababu iko kwenye hesabu ya nauli. Kwa nauli zilizotangazwa Desemba 2023, mtu mzima kwenye ruti isiyozidi kilometa 10 alipangiwa shilingi 600, mwanafunzi 200. Kwa hesabu hiyo konda akipakia wanafunzi 10 amekosa shilingi 4,000 kwenye safari moja, kwa hiyo huwazuia mlangoni na kuchagua wachache. Hapo ndipo binti anapoambiwa "wewe mchumba pita", anashikwa kiuno, na akikunja uso anaachwa hapo hapo na kipindi cha kwanza kinampita. Nguvu ya konda katika dakika ile inatokana na nafasi anayoigawa, haitokani na sketi ya mtoto. Bodaboda anayetoa lifti za bure asubuhi naye ana nguvu ya aina hiyo hiyo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliporekebishwa na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, haikuweka mahali popote sharti la urefu wa sketi.

Kwa anayedhani hilo ni la wanafunzi tu, kuna mfano wa Misri, nchi ambako wanawake wengi hutoka nyumbani wamejitanda. Uchunguzi uliotolewa na UN Women mwaka 2013 ulikuta asilimia 99.3 ya wanawake waliohojiwa wamewahi kubughudhiwa kwa namna moja au nyingine. Kukiwa na idadi kama hiyo hakuna tena kundi la waliovaa vizuri wakasalimika. Mwaka uliofuata, Juni 2014, serikali ya nchi hiyo ilibadili sheria ya adhabu na kuufanya unyanyasaji wa kijinsia uwe kosa la jinai lenye kifungo kisichopungua miezi 6. Walimgeukia mtendaji.

Angalieni pia mwendo wa tukio lenyewe. Kwa kawaida huanza na "mrembo, mambo?" Mwanamke akipita kimya inafuata "unaringa nini?", na kabla hajavuka barabara ameshaitwa malaya, ameambiwa hana hata sura. Yote hayo ndani ya nusu dakika, na gauni ni lile lile. Kama gauni ndilo lililomvuta, mbona limegeuka kuwa la malaya mara tu alipokosa jibu? Kilichomuuma kijana yule ni kunyamaziwa mbele ya wenzake waliokaa kwenye benchi wakisubiri kucheka. Kicheko chao ndicho malipo yake. Tukiwa na vijana wa vijiweni hatuwaambii wasimsemeshe mwanamke maisha yao yote, hilo hawatalisikiliza na wala si lazima. Tunawaeleza mpaka ulipo. Anayetongoza huongea akiwa mbali kidogo, haziba njia, hagusi, na akiambiwa hapana au akinyamaziwa habari imekwisha. Anayebughudhi hujulikana kwa yale anayoyafanya baada ya hapana.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wote wanalijua na wanaume wengi hawajawahi kulifikiria. Mwanamke yule yule, na nguo ile ile, akipita pale pale akiwa na kaka yake, hasemeshwi. Akipita peke yake kesho yake, anasemeshwa. Na kijana huyo huyo, akimwona askari au mke wa mwenye gari anakuja, anakaa sawa na kuamkia "shikamoo". Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu tamaa isiyozuilika. Inazuilika vizuri sana pale ambapo kuna wa kumwajibisha.

Tiba ya nguo imeshajaribiwa, tena kwa nguvu za dola, na Kariakoo yetu ndiyo iliyokuwa uwanja wa majaribio. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku vimini, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Utekelezaji haukusubiri Januari. Siku chache tu baada ya tangazo, makundi ya vijana yalikuwa yanawavamia wanawake Kariakoo na kuwashusha kwenye mabasi kwa kisingizio cha kulinda utamaduni, hadi polisi wakaingilia. Hao wanawake walipanda mabasi hayo wiki zilizotangulia wakiwa na nguo hizo hizo. Kilichobadilika ni tangazo.

Uganda ilirudia kosa hilo mwaka 2014. Mara baada ya Rais Museveni kutia saini sheria ya kupinga ponografia mwezi Februari, watu waliisikia kuwa ni sheria ya vimini, na wanawake wakaanza kuvuliwa nguo barabarani. Mahakama ya Katiba ilikuja kuvifuta vifungu vyake muhimu Agosti 2021. Malawi nako, utawala wa Kamuzu Banda ulikuwa na sheria iliyowakataza wanawake sketi fupi na suruali tangu mwaka 1973. Sheria ile ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini Januari 2012 wachuuzi wa Lilongwe na miji mingine waliwavamia na kuwavua nguo wanawake waliovaa suruali. Suruali inafunika mguu mzima hadi kwenye kifundo, sasa hapo kilichokuwa wazi ni nini? Waliokuwa wakifanya hivyo walijiona bado wanatekeleza amri ya zamani.

Nairobi, Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo hadharani kituoni, wanawake na wanaume waliandamana tarehe 17 kutoka Uhuru Park wakisema nguo yangu ni uamuzi wangu. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Kenya likaongeza kwenye sheria ya adhabu kosa mahususi la kumvua mtu nguo kwa nguvu. Na Julai 2017 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani wanaume 3 kwa kumvua nguo, kumdhalilisha na kumwibia abiria ndani ya basi huko Githurai, wakiwemo dereva na kondakta. Tunaomba wasomaji wasimame kwenye hayo maneno mawili, dereva na kondakta. Ndio waliokuwa na dhamana ya gari lile.

Hapo ndipo tunapotaka mjadala uhamie, kwenye mlango wa gari.

Mlango wa Coaster una ngazi za kupandia na upana wa mtu mmoja na nusu. Konda wetu amezoea kusimama kwenye ngazi ya chini, mgongo ukiwa nje, mkono mmoja umeshika bomba la juu. Kila anayepanda analazimika kupita chini ya kwapa lake, kifua kwa kifua, na mkono wake wa pili uko huru. Jioni, kati ya saa 11 na saa 2, watu wanasukumana nyuma, na mkono huo unakwenda kiunoni au chini zaidi kwa jina la kumsaidia mama apande. Abiria akilalamika anajibiwa kuwa gari limejaa, akitaka asiguswe akodi teksi.

Marekebisho yake hayahitaji fedha. Gari likisimama, konda ashuke chini kabisa, asimame upande wa nyuma wa mlango akiutazama, mkono mmoja ushike mlango wenyewe. Mzigo upokewe kwanza, kisha mwenye mzigo apande. Anayehitaji msaada, mzee au mwenye mtoto mgongoni, anyooshewe kiganja akishike mwenyewe, au ashikwe kwenye kiwiko baada ya kuulizwa "nikushike, mama?" Kiuno, mgongo na paja si sehemu za kumsaidia mtu kupanda gari. Gari likishajaa, konda asirudi kusimama katikati ya abiria waliobanana. Abaki mlangoni na nauli ipitishwe mkono kwa mkono, kama inavyofanyika tayari kwenye magari mengi. Konda akifundishwa hivi na kufanya zoezi mara chache kwenye gari lililosimama, anaweza. Wanaosema hawawezi kubadilika hawajawahi kuwaonyesha cha kufanya, wameishia kuwahubiria.

Kinachoharibu ni hesabu. Dereva na konda wanatakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa kila siku, na riziki yao ni kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Kila dakika ya kusimama ni hasara yao. Konda aliyelelewa katika mbio hizo humwona abiria anayelalamika kama mchelewesha safari, na abiria wengine, wenye haraka zao, hudakia "dada shuka bwana, tunachelewa". Hapo ruhusa imetolewa na gari zima. Ndiyo maana mwenye gari ni mtu wa kwanza wa kuzungumza naye. Akimwambia dereva wake kwamba lalamiko moja lililothibitika la kumshika abiria linamwondoa konda kazini, na akaandika namba yake ya simu ndani ya gari mahali panapoonekana, konda anabadilika ndani ya wiki. Tatizo ni kwamba wenye magari wengi hawataki kusikia chochote zaidi ya hesabu.

Wapiga debe ni kazi ngumu zaidi. Hao si waajiriwa wa mtu. Wanalipwa na konda kidogo kidogo kwa kila gari linalojaa, hawana sare, hawana orodha, na kesho anaweza kuhamia Gongo la Mboto au Mwenge bila mtu kujua. Abiria aliyeshikwa mkono na kuvutwa na mpiga debe hana jina la kulitaja. Pale ambapo uongozi wa kituo umekubali kuwaorodhesha, kuwapa vizibao vyenye namba kubwa mgongoni na kuwazuia wasiokuwa navyo, malalamiko yanapata mahali pa kutua. Namba iwe kubwa, isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Kitambulisho kidogo kinachoning'inia shingoni hakimsaidii mtu aliyepigwa na bumbuwazi. Na taa ziwashwe. Kituo kilichozimika taa moja upande wa choo na ngazi kinatosha kuwapa wahuni makazi.

Sasa sheria. Wengi wanaamini kwamba matusi na kushikwashikwa njiani si kesi. Ni kesi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kama ilivyorekebishwa na SOSPA, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ina vifungu viwili vinavyohusika moja kwa moja. Kifungu cha 135 kinamgusa anayetamka neno, kutoa sauti, kufanya ishara au kuonyesha kitu kwa nia ya kumkera mwingine kijinsia. Kifungu cha 138D kinahusu unyanyasaji wa kijinsia kwa nguvu, maneno au vitendo, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 200,000 au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Someni vifungu hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Vinauliza nia ya mtendaji, kitendo chake na usumbufu alioupata mlalamikaji. Vazi halimo. Askari anayeanza mahojiano kwa "ulivaa nini?" anauliza jambo ambalo hati ya mashtaka haina nafasi ya kuliandika.

Lakini sheria hiyo ina mlango unaofungwa mapema. Lalamiko chini ya 138D linatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60 tangu tukio la mwisho. Wanawake wengi hukaa na jambo moyoni, wanasubiri dada aje kutoka mkoani, wanasubiri mwisho wa mwezi, muda unakwisha. Kwa hiyo nendeni mapema, ikiwezekana siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka eneo la tukio, kumbuka vitu vichache. Namba ya usajili ya gari ndiyo kubwa kuliko vyote. Ikishindikana, shika jina la ruti lililoandikwa mbele, rangi ya mstari ubavuni na maneno ya kwenye kioo cha nyuma, maana madereva wa ruti wanajuana kwa maneno hayo. Saa na kituo. Kisha mgeukie abiria mmoja, si gari zima, umwombe namba ya simu. Ukisema "jamani nisaidieni" kila mtu anamtazama mwenzake. Ukimwambia "mama mwenye mtandio wa kijani, umeona, naomba namba yako" anakupa. Shahidi mmoja anayepatikana kwa simu anazidi kumi waliopiga kelele wakatawanyika.

Kituo cha polisi ombeni kwenda Dawati la Jinsia na Watoto, msiishie kaunta. Simulia kwa mpangilio: alisema nini kwa maneno yake yenyewe, alikugusa wapi kwa mkono gani, ulimjibu nini, akaendelea vipi. Usione haya kuyataja maneno machafu kama yalivyotamkwa. Ukisema "alinitukana" tu, maelezo huandikwa hivyo, na lalamiko linaishia kuwa kosa la lugha ya matusi, ambalo ni dogo zaidi na liko kwenye kifungu kingine. Hilo hutokea mara nyingi mno, na mlalamikaji huja kujua baadaye kwamba lile la kushikwa halikuandikwa kabisa. Omba usomewe maelezo kabla ya kuweka saini. Toka na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Kama kuna michubuko au nguo zimechanwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, na uende hospitali kabla ya kuoga na kufua. Nguo zilizochanwa zikunjwe kwenye mfuko wa karatasi, nailoni huzivundisha. Nakala ya lalamiko ipelekwe LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ambayo ndiyo inayotoa leseni ya gari na kusajili wahudumu wake. Polisi wanamshughulikia mtu, LATRA inashughulikia gari na kazi yake, na mara nyingi la pili linauma haraka zaidi.

Yanayokwamisha tunayajua. Mwenyekiti wa mtaa anaitwa, wazee wanakaa, kijana anaomba radhi, mama yake analia, na mlalamikaji anaombwa "asimharibie mtoto wa watu maisha". Hatupingi suluhu katika kila jambo. Lakini suluhu isiyoandikwa, isiyo na sharti lolote na isiyomhusu mwenye gari wala uongozi wa kituo, huwa ni ruhusa mpya. Wakikubaliana, basi iandikwe: kosa, radhi mbele ya wale wale walioshuhudia, na kwamba akirudia jalada linafunguliwa. Mwenyekiti agonge muhuri.

Wasomaji wakitaka mfano wa mahali ambapo jambo limebadilika, waende masokoni. Shirika la Equality for Growth lilifanya kampeni katika masoko ya Dar es Salaam, Mchikichini likiwemo, kwa kaulimbiu ya Mpe Riziki Si Matusi. Wanawake wa sokoni ndio wanaovaa kwa stara kuliko karibu wote mjini. Mama lishe yuko kwenye dera na khanga mbili, jasho linamtoka, ana sufuria la wali na deni la maharage. Na alikuwa akitukanwa, akishikwa makalio wakati amebeba trei, na wateja wengine wakila bila kulipa huku wakimtania kwa maneno ya chumbani. Waliofanya kampeni hawakuanza na dera lake. Wafanyabiashara walikaa na kamati za masoko wakaandika miongozo ya soko dhidi ya ukatili, ikiwa na adhabu, na wakafundishwa watu wa humo humo wa kupokea malalamiko na kumsindikiza mlalamikaji. Maana yake ni kwamba aliyezoea kushika alijua kuna jina la mtu atakayeambiwa leo, soko lile lile, na kwamba inaweza kumgharimu. Khanga hazikuongezwa. Vituo vya daladala vinaweza kufanya hivyo hivyo, na tofauti kubwa ni moja tu: soko lina kamati inayochaguliwa na wafanyabiashara wanaokaa hapo kila siku, kituo kina watu wanaopita. Ndiyo maana tunasisitiza orodha na namba za vizibao.

Tunajua wasomaji wengine wataleta dini, na wana haki. Wazazi wana wajibu wa kuwafundisha watoto wao mavazi wanayoyaona kuwa ya heshima, wa kike na wa kiume. Lakini katika Surat An-Nur amri ya kuinamisha macho inatolewa kwa wanaume katika aya ya 30, kabla wanawake hawajatajwa katika aya ya 31. Na katika Mathayo 5:28 anayeonywa ni anayetazama. Imamu au mchungaji anayehubiri nusu ya pili peke yake awarudie waumini wake na nusu ya kwanza, tena kwa jina la mahali: kituo chetu, soko letu, kijiwe kilicho mbele ya geti letu.

Na wewe uliyekaa kiti cha dirishani? Huhitaji kupigana. Usimshambulie anayebughudhi kwa maneno, hasa akiwa na wenzake, kwa sababu anapata hadhira mpya na jambo linakuwa la kwenu wawili. Mwelekee mwanamke. Mwite kama unamfahamu, "dada, njoo ukae huku", au mwulize saa, au simama katikati yao ukishika bomba. Hilo peke yake humaliza matukio mengi kwa sababu kicheko kimekatika. Likiwa limeshapita, mwulize kama yuko salama na kama anataka shahidi. Ukirekodi, elekeza simu kwenye namba ya gari na kwa anayefanya kosa, usichukue sura ya mwanamke, na video mpe yeye. Usiirushe. Video iliyorushwa mtandaoni humdhalilisha mara ya pili na kumfanya akatae kwenda kutoa ushahidi.

Mhariri, tunamalizia na gazeti lako. Habari za matukio haya mara nyingi huandikwa zikieleza kwamba msichana "aliyekuwa amevaa nguo fupi" alivamiwa, na picha inayowekwa ni ya miguu ya mwanamke. Msomaji anamaliza habari akijua urefu wa sketi na hajui kama jalada limefunguliwa. Tunaomba waandishi wako waache kutaja vazi la mlalamikaji, isipokuwa pale ambapo limechanwa na ni sehemu ya ushahidi. Badala yake waandike kituo na saa, aina ya gari na ruti, kama uongozi wa kituo una orodha ya wapiga debe, kama lalamiko limepokelewa Dawati la Jinsia na chini ya kifungu kipi, na mwenye gari amesema nini. Kisha warudi baada ya mwezi mmoja kuuliza jalada limefika wapi. Siku 60 zitakuwa bado hazijaisha kwa wengine waliofanyiwa hivyo hivyo kwenye ruti ile, na habari ya pili ndiyo itakayowaleta kituo cha polisi.

Wakufunzi wa masuala ya jinsia,
Temeke, Dar es Salaam